Elfu Ishirini Safu ya Pili, Elfu Tano Safu ya Kwanza

Jumatatu asubuhi, kwenye benchi la kahawa la Elisifa pale mtaani Soweto, Filbert alitusomea tangazo kwenye simu yake kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: kikundi cha maigizo cha Hilda kitaendelea kuuza viti vinavyobaki kwa elfu tano, nusu saa kabla ya mchezo.

"Wizi mtupu!" Thadeus aliruka, kahawa ikammwagikia suruali.

Huyu tunamwita Mapema, maana kanisani hufika katekista bado anatafuta funguo. Tiketi za mchezo wa juzi Jumamosi alikata wiki mbili kabla, yake na ya mkewe Mektrida, elfu ishirini kila moja. Filbert, kwa jina la kijiweni Dakika za Nyongeza, alitokea watu wameshakaa, akalipa elfu tano, akapewa kiti mbele ya Thadeus.

"Kichwa chako kile! Nimeona nusu ya mchezo!"

"Basi dai nusu ya hela, meku," Filbert alimjibu, akimwita mzee kwa kilugha.

"Ajit, wewe mfanyabiashara. Hii ni haki?"

Ajit ana duka la vipuri nyuma ya benchi. Tunamwita Bei Moja. "Kwangu plagi asubuhi elfu saba, jioni elfu saba. Mteja akilia, namfuta machozi, halafu elfu saba."

"Plagi haiozi," Elisifa alidakia, maana kando ya kahawa anauza na ndizi. "Mimi ndizi zangu za Uru jua likizama nashusha bei. Kiti mchezo ukishaanza, kesho utamuuzia nani?"

"Lakini anayekuja asubuhi kwako anachagua mkungu! Mimi nimechagua nini? Kisogo cha Filbert?"

Hapo Hilda mwenyewe akapita. "Shikamooni."

"Marahaba," Thadeus aliitikia. "Nirudishie elfu thelathini yangu ya ziada."

Hilda hakucheka. Aliketi. "Baba, hela za ninyi wa mapema ndizo zilizolipia ukumbi na taa. Bila ninyi, Filbert angekaa gizani. Ila kosa ni langu, sikuwaambia kwamba bei itashuka. Kuanzia sasa nitaandika hivyo kwenye kila tangazo, na safu za mbele ni za waliowahi. Lakini ile Jumamosi, si ndiyo mlikuwa mnatimiza miaka thelathini ya ndoa? Ungemsimamisha mama mlangoni na gauni lake, asubiri kama kiti kitabaki?"

Thadeus aliikung'uta suruali, taratibu. "Alicheka mpaka akatoa machozi," alisema. "Sijamwona hivyo tangu watoto waondoke nyumbani." Elfu thelathini hakuitaja tena.

Filbert akainamia simu. Elisifa akamwona.

"Na wewe, mkeo Stella ulimwacha wapi?"

"Alibaki."

"Alibakije?"

"Nilimwambia twende tukasubiri viti vya kubaki." Filbert alikohoa. "Akasema yeye si mke wa kubaki. Tangu Jumamosi nalala kwenye kochi."

Benchi zima lilitikisika kwa kicheko. Ajit alilazimika kushika mlango wa duka asianguke. Filbert alisubiri tunyamaze, hatukunyamaza, akamsogelea Hilda na kumnong'oneza, ila sote tulisikia:

"Za mwezi ujao zipo? Nipe mbili. Zile za bei kubwa."