Mbadala wa Mfalme

Ofisi ya Mambo ya Mbinguni, Babeli, inawatangazia raia wote kwamba mwezi umepatwa kwa utaratibu mzuri, na giza limeangukia robo yetu, ile inayoitabiria Babeli. Kwa hiyo mfalme atakufa ndani ya siku mia. Raia wasiwe na wasiwasi: amepatikana wa kufa badala yake.

Aliyepatikana ni Rimuti, msuka vikapu mpole aliyekuwa amepeleka vikapu vya tende ikulu. Alivishwa joho, akakabidhiwa muhuri, akakalishwa kitini. Mfalme mwenyewe alihamia kibandani bustanini, na kwa mujibu wa taratibu akawa anaitwa Mkulima.

Kila asubuhi Mkuu wa Ofisi, Beli-ushalimu, alikuja kumsalimu Rimuti na kumtajia siku zilizobaki.

"Mtukufu, umeamkaje?"

"Vibaya. Mke wangu Ahatu analia langoni, walinzi wanasema hana miadi."

"Ni kweli hana."

Siku ya tisini na nane, Rimuti hakuigusa hata bia yake.

"Mzee, nieleweshe, mimi sikusoma. Mwezi ukipatwa robo yetu, anakufa nani?"

"Mfalme."

"Na mfalme ni nani?"

Mkuu aliinama mpaka ndevu zikagusa sakafu. "Ni wewe, Mtukufu. Kusema vinginevyo ni uhaini."

"Na mfalme akitishwa na mwezi, anafanyiwa nini?"

"Anatafutiwa mbada..." Mkuu akajiziba mdomo.

"Malizia, mzee wangu."

Rimuti akavuta kibao cha udongo mbichi, akagonga muhuri. "Nimekuteua wewe. Usijali, kiti ni laini."

"Lakini sheria inataka mtu asiye na kazi yoyote ya maana!"

Rimuti alimtazama kwa huruma. "Nimekuangalia siku tisini na nane, mzee."

Ofisi ilikutana kwa dharura. Kabla ya jua kuzama, elimu ya mbingu ilikuwa imepiga hatua kubwa: iligundulika kwamba ramani ya mwezi ilikuwa imeshikwa juu chini, na robo iliyoingia giza ilikuwa ya majirani zetu wa Elamu. Mfalme wao alipelekewa rambirambi mapema. Wetu aliitwa kutoka bustanini, akaomba wiki moja zaidi, vitunguu vyake vikomae.

Langoni, Ahatu alimshika Rimuti shingo, akaipapasa pande zote, ndipo akamkaripia kwa kuchelewa.

Mpaka leo wanafunzi wa Ofisi hukariri kwamba mwezi una robo nne, na zote nne ni za Elamu.