Ulimi wa Kuteremshia Mashua ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 6

Leo nimeahidi kitu mbele za watu. Mdomo wangu huu.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe ana mashua yake ndogo. Tanga kashona mwenyewe kwa cherehani, na huiendesha peke yake kama mtu anayetembea uani kwake. Sijaona mwanamke kama yule. Sasa goti limemgomea. Kutoka nyumbani kwetu mpaka majini ni mawe matupu, na mashua haijibebi.

Basi Mwanyumba, yule aliyeoa dada wa mke wangu, mwenye gari na mkanda wa ngozi, kaja na wazo. Jumamosi ataichukua mashua, aijaze udongo, apande maua mbele ya nyumba yake. Eti itapendeza. Mama mkwe alikuwa anakunja tanga. Akalikunjua, akalikunja tena.

Nikasikia mtu anasema atajenga njia ya kuteremshia mashua kabla ya Jumamosi. Nikageuka kumtafuta. Kumbe mimi.

Mwanyumba kacheka mpaka kashika mkanda. Akakumbusha watu lile banda la kuku nililojenga bila mlango. Kwamba hakuna kuku aliyewahi kuibwa humo, hilo hakulisema.

Jumanne, tarehe 7

Daraja la kudumu haliwezekani. Watu hupita ufukoni, na mlinzi wa ufuko alishasema kitakachoachwa njiani anakibeba. Kwa hiyo langu litatoka na kurudi, kama ulimi. Nimeliita Ulimi. Mke wangu kanitazama, kasema limerithi kwa baba yake.

Fundi wa kuchomelea kanipa geti bovu la kusukuma, na reli zake na magurudumu yake. Nilimwambia namsaidia kupunguza takataka karakanani. Akanishukuru. Nina kipaji, basi tu.

Jumatano, tarehe 8

Kutoka si kazi, unausukuma. Kurudi ndipo penye akili. Nimefunga kamba nyuma ya Ulimi, nikaipitisha kwenye kapi, kile kigurudumu cha kamba, mwisho wake nikaning'iniza pipa la mchanga kwenye shimo la tangi la zamani, nyuma ya chumba cha kufulia. Ulimi ukitoka, pipa linapanda, komeo linashika. Ukifungua komeo, pipa linashuka na Ulimi unarudi wenyewe. Mimi nimeishia darasa la nne. Ningemaliza, sijui mngenificha wapi.

Komeo nimeling'oa mlango wa choo. Kwa sasa aliye chooni anaimba.

Mke wangu alishauri nusu pipa la mchanga. Nikamwambia nusu ni ya watu wasiojiamini. Nimejaza mpaka juu. Kuusukuma Ulimi nje ilibidi nimwite mlinzi wa ufuko tusaidiane, naye akaniuliza nimemfunga nani huko nyuma.

Ijumaa, tarehe 10

Mama mkwe kaja kukagua na fimbo yake. Kagonga reli. Kanusa grisi. Akanieleza anavyoondoka: anapanda, anatandaza tanga, na kamba ya mashua haifungui mpaka tanga lishike upepo. Amelisisitiza mara kadhaa, yaani kamba hiyo ndiyo ya kufungua mwisho. Nilimsikiliza kwa heshima zote. Nilikuwa nawaza komeo nilipake rangi nyekundu au ya bluu.

Jumamosi, tarehe 11

Nyekundu.

Mwanyumba kafika na magunia mawili ya udongo na miche ya waridi. Akayaegemeza ukutani, akauliza kama mlango safari hii upo.

Tukausukuma Ulimi nje. Mama mkwe kapanda mashuani, kavaa kofia, goti kalinyoosha. Tukaiachia. Ikateremka kama siagi kwenye kikaango, ikaingia majini bila hata kumrushia tone. Watu wakapiga makofi. Mke wangu kanitazama jinsi alivyonitazama zamani.

Hapo ningenyamaza. Lakini Mwanyumba alikuwa bado anatabasamu upande. Nikataka aone Ulimi unavyojirudisha wenyewe. Nikafungua komeo.

Kamba ya mashua ilikuwa bado imefungwa kwenye Ulimi.

Pipa likashuka. Ulimi ukarudi. Mashua ikarudi nao, na mama mkwe ndani. Ikapanda ufuko, ikakatiza uani, ikapita kwenye kamba ya nguo, ikaingia chumba cha kufulia na kusimama kwenye mabeseni. Mwanamke huyu hakupiga kelele. Alishika usukani mwanzo mpaka mwisho. Wanangu wanaapa alikwepa ndoo. Juu ya mlingoti kulikuwa na suruali yangu, inapepea.

Mwanyumba akaanza kufungua gunia.

Mama mkwe kaangalia maji kule mbali. Kaangalia miguu yake, mikavu. Halafu akaniuliza, taratibu, kwa hiyo hata kurudi, Ulimi unarudisha? Maana kilichokuwa kinamuua siku zote si kushuka, ni kurudi: aingie majini, avute mashua juu ya mawe, goti linalia.

Nikamjibu ndiyo hesabu yenyewe hiyo, Mama. Mke wangu akakohoa muda mrefu.

Akaamuru mchanga upunguzwe nusu, na mimi nikae mbali na komeo mpaka ainue mkono. Tukausukuma Ulimi nje tena, akaenda. Tanga lilishika upepo, akafungua kamba, akawa mdogo, mdogo, kama kipande cha karatasi. Tukasahau hata kukaa. Aliporudi akafunga kamba, akainua mkono, na Ulimi ukampandisha polepole kama mtu anayeletewa chai.

Akamwambia Mwanyumba maua apande kwenye ndoo. Mimi akaniita mwanangu. Miaka yote nilikuwa "wewe".

Jumapili, tarehe 12

Sijalala kwa furaha. Mama mkwe kaondoka na mashua asubuhi, anaimba. Kaacha agizo: pipa lisiguswe. Mke wangu kaficha sepetu.

Nimekaa nautazama Ulimi. Kitu kizuri. Ila unamwachia uani, halafu na goti lile atembee mpaka jikoni. Si haki. Nimepima mlango wa jikoni, mashua inapita.

Na Mwanyumba kasahau magunia yake ya udongo hapa ukutani. Pipa lina nafasi.

Tayari nimemimina moja. La pili namimina sasa hivi: Mama karudi, mkono wake unaanza kuinuka kule majini.