Firigisi ya Baba Nlend

Ijumaa, 2 Mei

Kesho Eseka, kwenda kumposa Felisite! Mama kapika kuku mzima kwa mbongo, mchuzi mweusi tii, harufu hadi kwa majirani. Kanisisitizia mpaka nimechoka: firigisi ni ya Baba Nlend, baba yake Felisite. Mwenye nyumba asipoiona, sahau mke. Kana kwamba mimi si Mbasaa, sijui mila za kwetu! Makon naye anamtaka Felisite, lakini nani wa kumpikia hivi? Nimeshamshinda.

Jumamosi, 3 Mei

Aibu. Aibu tupu.

Basi liliharibika njiani. Njaa! Nikafunua sufuria ninuse tu. Lakini ukifunua chakula safarini sharti umkaribishe wa jirani, na wa kwangu alikuwa mama mwenye mwili wake. Nikajifunika koti kichwani. Humo gizani vidole vikakutana na kitu kidogo, kigumu kidogo. Nani atakiona? Kikaenda. Yule mama akauliza kama naumwa. Nikasema nasali.

Mezani Baba Nlend akatia upawa. Akakoroga. Akakoroga tena. Akaniuliza taratibu, huyu kuku wangu alikuwa anasaga chakula kwa kutumia nini. Nikajibu kazaliwa hivyo. Mama mkwe akatoka nje, nikamsikia akicheka hadi kukohoa. Felisite hakucheka. Alitazama sakafu, nami nikatamani sakafu hiyo hiyo inimeze. Makon, aliyepita "kusalimia tu", akasema, "Pole kaka, labda imedondoka njiani."

Jumapili, 4 Mei

Nimepata njia! Wenyewe walipokwenda kanisani nikakimbilia kwa mama mchoma kuku, nikanunua firigisi. Moja ni unyonge, nikachukua fungu zima. Zote ndani ya mchuzi uliobaki.

Mchana nikamwomba Baba Nlend kwa adabu atazame tena, jana taa ilikuwa hafifu. Akachota: firigisi. Akatabasamu! Akachota tena: firigisi. Ya tatu ilipoibuka akaweka upawa chini. Akauliza nimemletea kuku au ukoo wa kuku. Akasema mtu akila haki ya mzee kwa njaa atasamehewa, lakini anayemfanya mzee mjinga nyumbani kwake, huyo ndiye asiyemtaka.

Nililia. Mbele ya Makon, aliyekuwa amepita tena "kusalimia"!

Felisite ndiye aliyeniokoa. "Mjinga ni mjinga, Baba, lakini ni wangu." Mzee akapumua kwa nguvu, akasema basi, aamue kaka yake mkubwa, Baba Bayiha wa Edea. Akikataa yeye, nisikanyage tena Eseka.

Jumatatu, 5 Mei

Ndani ya basi. Felisite kaamka mapema kumpikia Baba Bayiha kuku. Kaifunga sufuria kwa kitambaa, fundo kalikaza mwenyewe. Macho mekundu. "Safari hii usiniaibishe." Nimemwapia. Nikimkumbuka alivyotazama ile sakafu, uso unanichoma. Mimi sasa ni mtu mwingine kabisa.

Edea bado mbali. Fundo limelegea lenyewe.

Baba Bayiha ni mzee sana. Nasikia hata meno hana. Firigisi ni ngumu kwa mtu wa namna hiyo. Kumpa mzee kitu cha kumtesa, hiyo nayo ni heshima?

Wa jirani anauliza kwa nini nimejifunika koti kichwani na joto lote hili.

Nimemwambia nasali.