Vita vya Kugawanya katika Sebule ya Murielle

Enyi mlioketi na mliosimama, mnaochambua maharagwe na mnaojifanya kuyachambua, sogezeni viti na mpunguze sauti ya televisheni, mpate kusikia habari ya vita vikuu vilivyopiganwa hapa Malvern, upande wa mashariki wa Johannesburg, hatua chache kutoka barabara ya Jules, katika sebule yenye kochi moja, kioo kimoja, na mlango wa kabati usiokuwa na kabati. Simwiti malaika anisaidie kusimulia, kwa maana malaika wana kazi nyingi na siku ile hawakuonekana. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa kwenye jiko la gesi nikikaanga mikate, yale maandazi ya mviringo tunayoyapenda sisi watu wa Bukavu, na niliyaona yote, isipokuwa pale mafuta yaliponirukia jichoni.

Na watajwe mashujaa kwa daraja zao. Wa kwanza ni Murielle, mkamwana wangu, Murielle wa vidole vyepesi, msuka nywele na mwalimu mkuu wa shule yenye mwanafunzi mmoja. Wa pili ni huyo mwanafunzi, Héritière, mjukuu wangu, mtoto wa miaka tisa, mrithi wa ukaidi wa ukoo wa baba na wa mama bila kupunguziwa hata kidogo. Wa tatu ni mwanangu Ruphin, mlinzi wa malango ya matajiri wasiolijua jina lake, ambaye hukesha usiku kucha akilinda magari ya watu na kurudi asubuhi akiwa na macho mekundu kama nyanya. Shujaa huyu alipigana vita vyote akiwa amelala.

Na usingizi wake ndio ulioweka sheria ya vita. Kila asubuhi Murielle alimpokea mlangoni, akamvua viatu, akamlisha, akamlaza, akatundika blanketi dirishani ili jua la Malvern lisimguse. Kisha alifagia nywele za wateja wa jana, akasimamisha ukutani ule mlango wa kabati ambao Ruphin aliupaka rangi nyeusi uwe ubao, akamwita mtoto, akamkaribisha mteja wa kwanza. Na tangu hapo hadi mchana nyumba nzima ilinong'ona. Sala ilinong'onwa. Jiografia ilinong'onwa, milima na mito yake. Wimbo wa taifa la Afrika Kusini, wenye lugha zake zote tano, uliimbwa kwa kunong'ona, mtoto akiwa amesimama wima, mkono kifuani. Nami kikongwe, bibi anayeitwa Koko na mjukuu wake, nilikohoa ndani ya kanga.

Msiulize kwa nini mtoto hakuwa shuleni. Shule ya karibu ilisema darasa limejaa, wasubiri. Wakasubiri. Na katika kusubiri Murielle akaanza kumfundisha mwenyewe, mikono kichwani mwa mteja na mdomo kwa mtoto, mpaka siku moja Héritière akasoma kitabu kizima cha hadithi bila kusaidiwa, akakifunga, akauliza kama kuna kingine. Niliuona uso wa Murielle siku ile. Sijapata kumwona mfalme akivikwa taji, lakini sidhani kama hufurahi zaidi.

Ndipo adui akatokea, na jina lake ni Kugawanya.

Murielle alimkabili kwa silaha alizopewa na masista wa Bukavu waliomsomesha utotoni. Aliandika ubaoni tisini na sita, kando yake akachora mstari wa kusimama, upande wa kulia akaweka nne, na chini ya nne akachora mstari wa kulala, mahali pa kuandika jibu. Hakuzisoma namba kwa sauti, kwa maana ni nani atakayetangaza namba na mlinzi amelala? Alionyesha tu kwa kitana, akanong'ona: gawanya hiyo. Kisha akarudi kwenye kichwa cha mteja.

Héritière alitazama ubao. Alikwisha kuusoma mwenyewe ukurasa wa kugawanya katika kitabu chake, kitabu cha Kiingereza kilichonunuliwa mkononi mwa mtu, naye alijiona yuko tayari. Akafikiri. Akajibu kwa Kiingereza, lugha anayoitumia anapotaka kazi iishe haraka, kwamba jibu ni sifuri, na baki ni nne.

Murielle akanong'ona: rudia.

Akarudia. Sifuri, baki nne. Ikafutwa, ikaandikwa nyingine, na nyingine, na kila mara jibu lilikuwa sifuri na baki. Juma zima lilipita hivyo. Murielle alikuja kwa upole, akaja kwa ukali, akaja na ahadi ya juisi, na mtoto alisimama kwenye sifuri yake kama askari aliyeambiwa asiondoke kwenye lindo. Mteja mmoja aliondoka na misuko iliyokaza hata nyusi zake zikapanda, kwa sababu hasira ya Murielle ilikuwa imeteremkia vidoleni.

Habari ikamfikia Ruphin, maana hata mlinzi huamka saa ya kula. Naye akatoa amri, akiwa na kijiko mkononi. Dada yake Jeanne, binti yangu mkubwa, Jeanne wa Midrand, mwenye gari na friji ya milango miwili, alikuwa amejitolea zamani kumchukua mtoto. Kule kwake kulikuwa na shule yenye nafasi, na chumba kitupu chenye kitanda. Mtoto angelala Midrand na kumwona mama yake Jumapili. Ruphin akasema Jeanne atakuja Jumamosi na kumpima mwenyewe. Kama kugawanya bado ni sifuri, mtoto aende.

Murielle hakubisha. Ijumaa nilimwona akikunja nguo za mtoto ndani ya begi la bluu. Alikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena. Akaliweka begi kando ya mlango. Nikamsaidia kukunja soksi.

Jumamosi ikapambazuka. Ruphin akarudi kutoka lindoni, akalishwa, akalazwa, blanketi likapanda dirishani. Katika kiti cha kusukwa akaketi Cheryl, binti wa Kenya anayefanya kazi benki, Cheryl wa shingo isiyochoka, uso wake ukitazama kioo na mgongo wake ukitazama ubao, upande wa kushoto wa kichwa umekwisha kusukwa na wa kulia ukisimama kama msitu. Kisha gari likasimama nje, na Jeanne akaingia na kuku wawili kwenye mfuko, akavua viatu vyake vya kisigino hapo kizingitini ili visimwamshe mdogo wake. Andikeni hilo, enyi waandishi. Watu humwogopa Jeanne kwa sababu ya friji, lakini mimi nilimzaa, na najua jinsi anavyonyata mtu mwingine anapokuwa amelala.

Jeanne akamkumbatia mtoto. Akashika chaki, akauendea ubao kama jemadari anayekagua ramani, naye pia ni zao la wale masista wa Bukavu. Akaandika themanini na saba. Akachora mstari wa kusimama. Kulia akaweka tatu. Akaigonga kwa kidole, asiseme neno, akasogea pembeni.

Mafuta yangu yenyewe yalipunguza kelele. Vidole vya Murielle vilisimama ndani ya nywele za Cheryl.

Héritière akatazama ubao, akalitazama begi la bluu, akautazama tena ubao. Machozi yakamjaa. Akasema, kwa sauti ndogo mno, kwamba jibu ni sifuri, na baki ni tatu.

Jeanne akaweka chaki chini, polepole, wala hakuna aliyeona furaha usoni mwake. Murielle akafumba macho. Na hapo, wasikilizaji wangu, yule mtoto aliyezaliwa hapa, anayesikia Kiswahili chetu chote lakini hukijibu kwa Kiingereza tangu meno ya mbele yalipoota, akageuka, akasimama wima kama siku za wimbo wa taifa, akahutubia baraza kwa Kiswahili.

"Shangazi," akasema, "watu ni themanini na saba. Mikate ya Koko ni tatu tu. Mimi nitawapa nini? Hata nusu hawapati. Wote watarudi nyumbani na njaa, na ile mikate tatu itabaki pale. Mama ananiambia rudia, rudia. Nikirudia, mikate itaongezeka?"

Jeanne akamtazama Murielle. Murielle akautazama ubao, akaona namba zile zile alizoziona juma zima.

Ndipo Cheryl akageuza shingo yake, jambo ambalo msukwaji haruhusiwi kulifanya, misuko ikamning'inia upande mmoja, kitana kikiwa kimechomekwa upande mwingine, akauona ubao kwa macho yake kwa mara ya kwanza.

"Mama Héritière," akasema, "hiyo tatu mbona mmeiweka nyuma? Mimi kwenye kioo nilikuwa naiona mbele, kama tulivyofundishwa kwetu Nyeri. Nikajua mko sawa."

"Mbele ya nini?" akauliza Jeanne. "Mgawanyaji anakaa kulia. Anakaa kulia tangu dunia iumbwe."

"Tangu Bukavu iumbwe, dada. Kwetu anakaa kushoto, nje ya mlango, anayegawanywa yuko ndani."

Kitabu kikaletwa. Murielle alikuwa hajawahi kuufungua ukurasa ule, kwa maana alikuwa na kugawanya kwake kichwani, kukamilifu na bila deni kwa mtu. Wakainama juu yake watatu, aliyesuka, aliyesukwa na aliyekuja kuchukua. Na humo namba ya kugawanya ilikaa kushoto, raha mustarehe, na ile kubwa ikakaa kulia chini ya paa lake. Mtoto alikuwa ameusoma ubao wa mama yake kwa sheria za kitabu. Kila siku mama aliuliza tisini na sita kwa wanne, na kila siku mtoto alijibu nne kwa watu tisini na sita, na kila siku alijibu sawasawa.

Murielle akapiga magoti mbele ya binti yake, mikono imejaa mafuta ya nywele.

"Kumbe umenijibu vizuri juma zima," akanong'ona, "na mimi nakuambia rudia. Nisamehe, mama yangu. Sikukuuliza hata mara moja unaona nini."

Héritière akasema si neno. Akasema hata yeye alidhani labda mama anapenda sifuri.

Mimi nikageuza mkate uliokwisha kuungua, ili nipate mahali pa kutazama.

Sasa ndiyo saa ya pambano lenyewe, na ningekuwa na ngoma ningeipiga. Murielle akafuta ubao kwa kiwiko. Akaandika upya kwa desturi ya kitabu, tatu nje ya mlango, themanini na saba ndani. Héritière akapokea chaki kama upanga. Akaishambulia nane, akachukua tatu mara mbili, akatoa sita, mateka wawili wakabaki hai. Akamshusha saba kutoka juu akawaunge mkono, wakawa ishirini na saba, jeshi la kutisha. Chaki ikakatika. Jeanne, aliyekuja kumchukua mtoto huyu, akaokota kipande na kumrudishia kiganjani. Mtoto akahesabu kwa midomo, tatu, sita, tisa, akapanda, akapanda, akafika kileleni, na hakuna hata mmoja aliyesalia uwanjani.

"Ishirini na tisa," akasema. "Baki hakuna."

Jeanne, aliyevua viatu kizingitini asimwamshe mtu, akapiga kelele iliyosikika hadi kwenye spaza ya Ishaka, lile duka dogo la mtaani: ishirini na tisa.

Mlango wa chumba ukafunguka kwa kishindo. Ruphin akatokea na kaptura, rungu mkononi na tochi ikiwaka mchana kweupe, akasimama mbele yetu kutulinda.

"Wako wapi?" akauliza. "Wote ishirini na tisa wako wapi?"

Tulicheka mpaka Cheryl akashika kichwa chake asipoteze alichosukwa. Ruphin akaelezwa. Akaelezwa tena. Akatazama ubao huku na huko, akakiri kwamba hata yeye angeiweka ile tatu kulia. Akauliza, kwa sauti ya usingizi, sasa mtoto anaenda ama haendi.

"Aende wapi?" akasema Jeanne. "Huyu akija Midrand, mimi ndiye nitakayefundishwa. Abaki na mwalimu wake. Mimi nitaleta kuku."

Wakati wanacheka, nilimwona binti yangu akilisukuma begi la bluu kwa mguu, taratibu, mpaka likaingia chini ya kochi. Hakumwambia mtu. Ruphin akarudi kitandani na tochi yake ikiwaka.

Kisha Héritière akaandika tena ubaoni, chini ya ushindi wake, themanini na saba ile ile, mstari wa kusimama, tatu upande wa kulia, na jibu mahali pake. Akasema hii ya pili ni ya Mama, asije akaona haya. Murielle akarudi kwenye nywele za Cheryl, na kwa mara ya kwanza juma lile alisuka kwa mkono mwepesi.

Nikaweka sahani mezani. Mikate yote ilikuwa kumi na sita. Mtoto akaitazama, akatutazama: Koko, Mama, Shangazi, Cheryl, na yeye mwenyewe. Hakuhitaji chaki. Akampa kila mmoja mitatu. Ukabaki mmoja katikati ya sahani, nao ulikuwa ule ulioungua.

"Baki," akasema, "ni ya Papa."

Akaufunika kwa kikombe, akaupeleka chumbani kwa kunyata. Hivyo ndivyo Malvern ilivyookolewa na Midrand ikarudi kwake bila mateka, na namba tatu ikakaa kulia na kushoto katika ubao mmoja, jambo ambalo masista hawakulitabiri. Na jemadari Ruphin, aliyeamka jioni, akaukuta mkate wake mmoja, baridi, mweusi upande mmoja, akaula wote.