Buluu ya Bi Arvilla

Jumatatu, 9 Oktoba 2023
Nimeiona! Wala sijanywa kitu ila kahawa. Nilikwenda kwa Bi Arvilla Stoddard kukagua paa linalovuja. Mjane, miaka themanini na minne, nyumba safi mpaka unaona haya kukanyaga sakafu. Nilipotoka darini akaniuliza kama ni kweli napenda vikorokoro vya zamani. Akafungua droo ya vitambaa vya meza.

Bastola ya kulipuliwa kwa fataki, ya mwaka 1853! Ya kushindilia baruti kwa mkono, matundu sita, na juu ya silinda wamechonga merikebu zinapigana, tanga moja moja unalihesabu. Babu wa babu yake alirudi nayo kutoka vitani, akaiweka, basi. Buluu ya kiwandani, ile rangi ya chuma isiyorudi ikishafutika, imebaki asilimia tisini na mbili. Nimepima kwa macho mara mbili. Hakuna skrubu iliyowahi kuguswa na bisibisi. Miaka thelathini na moja nakusanya, sijaona ya hivi nje ya kabati la makumbusho. Nusura nivue kofia. Nikakumbuka nataka bei nzuri. Nikaikandamiza kichwani.

Jumanne, 10 Oktoba
Onyesho la chama chetu cha wakusanya bastola ni Jumamosi ya tarehe 21. Utepe wa ushindi, wa bastola iliyobaki katika hali ya asili, amechukua Vernon Tuttle miaka sita mfululizo. Daktari wa meno mstaafu! Bastola zake amezinunua kwa magego ya watu. Mimi zangu nimezipata kwa kuezeka mapaa juani. Mwaka jana aliichungulia yangu kwa kile kioo chake cha meno, akasema kwa upole, rafiki yangu, hii walishaipaka upya. Mbele ya watu arobaini! Sasa basi. Yake iliyo bora ina asilimia themanini na tano. Mimi tisini na mbili. Atoe saba hapo aone kinachobaki.

Ya Bi Arvilla thamani yake dola elfu kumi na nane. Nitatoa elfu mbili.

Jumatano, 11 Oktoba
Nimerudi kwa Bi Arvilla, uso nimeukunja tangu getini. Nikamwambia imechafuka. Nyeusi, ina madoa. (Madoa yenyewe ni zile rangi za kiwandani za fremu, zimechanganyika kama mafuta juu ya maji. Mungu anisamehe.) Nikasema ingekuwa safi ningetoa elfu tisa papo hapo, kwa uchafu huu, elfu mbili, tena ni huruma tu. Akauliza, elfu tisa kweli, Lester? Nikaapa, nikampa mkono. Mpwa wake, Mchungaji Clyde, alikuwa mezani anakula pai ya tufaha. Akasema hata yeye amesikia.

Bi Arvilla akataka apewe mpaka Jumatatu. Uso ulikuwa umemwiva. Nikajua ni tamaa ya pesa.

Jumamosi, 14 Oktoba
Nimetengeneza sanduku la mbao ya mjozi, ndani mahameli ya kijani. Nimempigia Vernon simu kumshauri aiache mapema ile meza ya mbele. Akasema asilimia tisini na mbili hajaiona tangu ujana wake, na anasubiri kwa hamu. Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Mtu anayeudhi sana.

Jumatatu, 16 Oktoba
Mezani palikuwa na taulo jeupe, na juu yake kitu kinametameta kama kijiko cha harusi. Nikauliza bastola iko wapi. Bi Arvilla akasema unaitazama.

Siku nne! Stilwaya, siki, magadi, na mswaki kwenye silinda. Merikebu zote zimezama. Asilimia sifuri.

Akasema tangu aolewe mwaka 1958 hajatokea mtu wa kumwambia kwamba nyumbani kwake kuna uchafu. Vidole vitatu vimefungwa plasta. Nikaanza kueleza habari za rangi ya asili. Mchungaji Clyde akaweka uma chini, akataja elfu tisa. Bi Arvilla akaniinamia, akauliza, haya, mwanangu, bado ni chafu?

Nimepanda mapaa elfu moja na mia nne bila woga. Yule bibi nilimwogopa. Nimeandika hundi. Na lazima niseme ukweli: usafi wa namna ile sijauona popote. Hata ndani ya mtutu!

Jumamosi, 21 Oktoba
Nimeipeleka. Elfu tisa haziwezi kukaa kabatini. Vernon akaja na kioo chake, akainama. Kisha akavua kofia kama yuko msibani. Hakucheka hata kidogo, na hapo ndipo aliponiumiza. Akasema angetoa tepe zake zote sita aione dakika moja kama nilivyoiona mimi. Akaniomba nimsimulie. Nikamsimulia: buluu, rangi za fremu, merikebu, tanga kwa tanga. Watu wakajaa. Kahawa zikapoa mikononi.

Utepe kachukua yeye. Wa saba. Kwa ile ya themanini na tano.

Jumapili, 22 Oktoba
Mungu hamtupi mja wake! Mzee Emmett Rusk, shamba lile la maili kumi na mbili kutoka hapa, ameniita nimtengenezee mifereji ya paa. Anayo bastola ya aina ile ile, ndani ya sanduku lake la asili, pamoja na kalibu ya kumiminia risasi na kopo la fataki, bado zimo. Buluu asilimia tisini na tano!

Nimejifunza. Kamwe simwambii mtu tena kwamba kitu chake kichafu. Huyu nimemwambia yake inang'aa mno, inatia shaka, kwa hiyo bei yake ndogo. Ya kweli ingekuwa na kutu kidogo, na yenye kutu ningeilipia elfu kumi. Akafikiri, akasema nirudi Jumatano.

Wakati natoka nilimwona anaibeba kwenda bandani, kule kwenye pipa la maji ya chumvi ya ng'ombe. Anaificha Vernon asije akaiona. Mzee makini sana.