Dobi wa Kompyuta

Miji mingine mtu hupimwa kwa viatu. Dodoma hupimwa kwa alichovaa shingoni. Vaa kamba ya buluu yenye kadi inayoning'inia, tembea haraka kidogo kama mtu anayesubiriwa kwenye kikao, na mlango utafunguliwa kabla hujabisha hodi. Mlinzi atakupigia saluti, mama lishe atakufutia kiti, na hata mbwa wa mtaa atafikiri mara mbili. Ng'ombe naye huvaa kengele shingoni, lakini huyo hapigiwi saluti, maskini, ingawa ndiye pekee kati yao mwenye maziwa.

Ambokile alilijua hilo kuliko wengi. Kadi yake aliipata kwenye semina ya ufugaji nyuki, alikoingia kwa ajili ya chakula cha mchana akatoka na kamba, kalamu na soda mbili. Aliivaa kila siku huku upande wake mtupu ukitazama watu na ule wenye maandishi ya nyuki ukitazama shati. Upepo wa Dodoma, ambao hauna adabu, ulikuwa ukiigeuza, naye akiirudisha kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayenyoosha tai.

Asubuhi moja alikuwa anakunywa chai kwa mama lishe kule Area D, redio ikasema kompyuta nyingi bado zinatumia mfumo wa zamani, na wenyewe waliouunda wanaacha kuutunza. Mwenye kompyuta za namna hiyo, ikasema redio, ausasishe kwanza huo wa zamani mpaka hatua yake ya mwisho, ndipo apande kwenda mfumo mpya, maana kompyuta haziruki ngazi.

Wateja wengine waliendelea kutafuna. Andazi la Ambokile liligoma njiani kati ya sahani na mdomo. Yeye alikuwa amesikia jingine kabisa: kwamba mjini humu wamo watu wenye mashine wasizozielewa, na redio imewatisha asubuhi yote bila yeye kulipia tangazo.

Kabla chai haijapoa alishampigia Zaidi, mnunuzi wa kompyuta zilizochoka, mwenye kontena karibu na soko la Sabasaba na mwenye tabia nzuri sana ya kutouliza mzigo umetoka wapi.

"Nina mzigo," Ambokile alisema.

"Uko wapi?"

"Kwa mwenyewe. Bado hajajua."

"Lete," alisema Zaidi. "Ila mimi nanunua vya ndani, kaka. Kasha tupu sina kazi nalo."

Mwenyewe ambaye bado hajajua alikuwa Mama Generosa wa Makole, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Padre aliyembatiza alisema jina Generosa maana yake ni mtu mkarimu. Ndiyo maana wengine tunashauri mtoto asibatizwe mpaka aote meno, tuone kwanza anamng'ata nani. Mama huyu akikuazima pini ya kubania karatasi, alikusindikiza mpaka barabarani, na si kwa upendo, ni ili arudi na pini yake.

Ambokile aliingia, akaweka begi mezani, akatoa laptop. Hiyo laptop ndiyo iliyokuwa jembe lake. Ilikuwa mpya, nyeusi, nyembamba kama chapati ya mchoyo, na ukiifungua herufi za kijani zilishuka zenyewe kama mvua. Hazikuwa na maana yoyote, lakini hakuna aliyewahi kuziangalia akabaki na ubishi. Kwa laptop hiyo Ambokile alishakuwa mkaguzi Morogoro na mtaalamu wa ardhi Singida. Bila hiyo alikuwa mwanamume mwenye kamba shingoni tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kopi au kuchapa?"

"Nimekuja kwa ajili ya usalama wako."

"Usalama wangu unatolewa kopi au unachapwa?"

Ambokile akacheka kile kicheko cha ofisini kisichofika machoni. "Mama, mfumo wa kompyuta zako ni wa zamani. Hata waliouunda wameacha kuutunza."

"Hata marehemu mume wangu aliacha kunitunza kabla hajafa, na kazi nilikuwa nafanya."

"Sasa hili dirisha unalotumia..."

"Dirisha langu lina nondo."

"Dirisha la kompyuta, mama. Linapitisha wezi wa mtandaoni."

"Afadhali hao. Hawakanyagi sakafu na matope."

Ambokile aliona huyu hatishiki, akageuza kibao. Hofu ikishindwa, tamaa haijawahi kushindwa. Akainama, akashusha sauti. "Iko ofisi moja kubwa, sina ruhusa kuitaja. Inatafuta duka la kuchapia makabrasha. Makabrasha, mama, ya kubebwa na lori. Lakini duka ambalo kompyuta zake hazijasasishwa mpaka Ijumaa, tenda hiyo litaisikia kwa majirani."

Mama Generosa alisimamisha mikono juu ya karatasi. "Hazijafanywa nini?"

"Hazijasasishwa."

"Kumbe ni kusafishwa tu. Na kweli ni chafu. Vumbi la Makole unalijua mwenyewe."

"Si kusafisha, mama. Kusasisha. Sa-si-sha."

"Ndiyo hivyo. Sa-fi-sha. Yaliyoondoka ni meno, baba, masikio yapo."

Ambokile alitaka kusahihisha tena, kisha akaona haraka ya nini. Mwizi hamfundishi sarufi mwenye nyumba. "Haya, kusafisha. Nazichukua zote sita mpaka karakana yetu, nakurudishia Ijumaa. Gharama ni ya ofisi."

"Yaani bure?"

"Bure."

Neno hilo lilimwingia Mama Generosa kama uji unavyomwingia mgonjwa. Hata sura ilinyooka. Lakini mchoyo akipewa cha bure haachi mazoea. "Na rehani?" aliuliza. "Kwangu hakitoki kitu bila rehani. Hata pini." Kidevu chake kikaielekea ile laptop.

Pangaboi liliyumba juu yao, upepo ukaigeuza kadi ya Ambokile. Mama Generosa akaitazama kidogo tu, kama mtu anayetazama saa. Ambokile akairudisha kwa kidole.

Alipima. Kompyuta sita na matumbo yake, kwa Zaidi, zingemletea laptop nyingine mbili na nauli ya kuhama mji. Lakini kuachana na jembe hata siku moja kulimuuma moyo na vidole. Akakubali.

"Basi njoo kesho na usafiri, tupeane mkono kwa mkono," alisema mama. "Leo niache niziandae."

"Za kuandaliwa nini tena, mama?"

"Mwanangu, mtu hapeleki koti kwa dobi bila kuliandaa."

Ambokile alidhani ni methali. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama vijana wanavyotikisia methali zote wasizozielewa.

Kesho yake alifika na Sila, mtu mzima wa kutoka Mlali, Kongwa, msukuma mkokoteni ambaye mabega yake yalijua uzito wa kila kinacholimwa huko kwao. Kompyuta zote zilikuwa zimeshafungwa ndani ya viroba, midomo imeshonwa kwa sindano ya gunia. "Zisiongeze vumbi njiani," alieleza mama, akapokea laptop, akaiweka kifuani kama mjukuu.

Ambokile hakubeba. Mwenye kadi shingoni habebi. Sila ndiye aliyeinua, viwili mkono huu, viwili mkono ule, akasimama akiviangalia.

"Mkubwa, humu ndani mna vitu?"

"Mna teknolojia."

"Mbona vyepesi hivi? Gunia la pumba lina heshima kuliko hiki."

"Ndivyo dunia inavyokwenda, Sila. Kitu kikishakuwa cha maana kinapungua uzito."

"Kumbe," alisema Sila, akashika mkokoteni. "Basi mfuko wangu una maana sana."

Kwa Zaidi walishusha. Zaidi alitoa bisibisi, lakini hakuihitaji; alipochana kiroba cha kwanza ubavu wa kompyuta ulianguka wenyewe. Mjusi akatoka, akawatazama wote watatu, akaenda zake.

"Kaka," alisema Zaidi, "vya ndani viko wapi?"

"Si viko ndani."

"Ndani ya nini?"

Wakachana cha pili, wakachana vyote. Hakuna diski, hakuna kumbukumbu, hakuna hata waya. Makasha matupu, yenye vumbi la kutosha kupanda karanga.

"Mimi kuku wangu wana viota tayari," Zaidi alisema, akafunga mlango wa kontena. Kwa upole, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri.

Ambokile alibaki amesimama juani. Koti. Dobi. Sasa ndiyo akaikumbuka sebule ya mama yake mzazi, Tukuyu, na yule mama akipekua mifuko ya koti la baba, wa ndani na wa nje, kabla halijakabidhiwa kwa dobi. Ile haikuwa methali. Mwanamke alikuwa anamweleza atakachofanya.

Na laptop yake ilikuwa kwa huyo mwanamke.

Alirudi Makole mbio, Sila na mkokoteni wakimfuata nyuma. Dukani palikuwa na foleni: wanachuo wawili, mwalimu mmoja, na askari aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha ndoa.

"Umeshamaliza, baba? Ofisi yenu ni hodari."

"Mama, zile kompyuta ni tupu."

"Ndiyo. Nilichomoa kila kinachochomoka, vimo kwenye kopo la mlenda. Ulitaka nikupe koti na funguo mfukoni?"

"Sasa nafanyaje kazi bila vya ndani?"

"Kwani kasha haliwezi kusafishwa mpaka liwe na vya ndani?"

"Mimi sikusema kusafisha, nilisema kusa..." Akamwona askari ameinua macho kutoka kwenye cheti chake. Akameza silabi zilizobaki.

"Kuna tatizo hapa?" askari aliuliza.

"Hakuna, afande," alisema mama. "Kijana ametumwa na ofisi yake kunisafishia mashine bure. Mzigo ukirudi safi, achukue rehani yake. Mzigo umerudi, sijui kama ni safi."

Askari alichungulia kiroba, akafuta kidole kwenye suruali. "Huu si safi. Msafishie mama, bwana. Ofisi gani hiyo?"

Ambokile alikunja mikono ya shati.

Alipewa beseni, brashi ya viatu iliyobakiwa na nywele tisa, na sabuni ya unga iliyopimwa kwa kizibo cha soda. Akachuchumaa uani mchana kweupe, mtu aliyekuwa mkaguzi Morogoro, akasugua. Kadi iliingia kwenye povu, ikatoka, ikaingia tena. Wateja walipita wakimpa pole. Mwalimu alimuuliza kama anasafisha na majiko. Maji machafu hayakumwagwa hovyo. Mama Generosa aliyachota akanyunyizia ua, vumbi likatulia.

"Mkubwa," alisema Sila, amekalia mkokoteni wake kivulini, "leo teknolojia inatoa povu."

Kila kasha lilipokauka mama alipitisha leso nyeupe. "Kwenye kona hapa bado." Akarudia kona. "Na huku nyuma, hapa penye matundu, tumia kijiti." Akatafuta kijiti. Ilikuwa siku ya kwanza ya kazi halali katika maisha ya Ambokile, na mgongo wake uliitambua mara moja kuwa ni ngeni.

Jua lilipoanza kulegea mama aliridhika. Akaingia ndani, akatoka na begi, akampa kwa mikono miwili.

"Asante sana, baba. Unajua, mtoto wa dada yangu, Brightness, anasoma chuo hapa. Mwezi uliopita alizishika mashine zote, akaanza na mfumo wa zamani, akaupandisha mpaka mwisho wake, ndipo akaweka mpya. Nikamlipa kwa sahani ya wali. Lakini vumbi akagoma. Alisema yeye anasasisha, hasafishi."

Alilitamka neno lile sawasawa, silabi zake zote zikiwa wazi kama kengele. Meno aliyodai yameondoka yakaonekana yote mahali pake.

Ambokile alichukua begi, akavuka barabara, na alipofika upande wa pili ndipo mkono ulipomwambia kitu ambacho kichwa hakikutaka kukisikia. Begi lilikuwa jepesi.

Alichuchumaa akalifungua. Laptop ilikuwemo, nyeusi, nyembamba, imepanguswa inang'aa. Alibonyeza. Hakukunyesha mvua ya kijani wala rasharasha. Akaigeuza chini juu: matundu ya skrubu yalikuwa yakimtazama kama macho ya yule mjusi, na ukiitikisa, ndani hamkuwa na hata cha kugongana.

Alipoinua kichwa, Mama Generosa alikuwa mlangoni anakung'uta leso, askari pembeni yake akipokea kopi zake.

"Vilivyokuwa mfukoni vipo, nimekutunzia," mama aliita, bila haraka. "Siku ukija na yule mkubwa wa ile tenda, nakukabidhi mbele yake. Nisalimie nyuki."

Upepo ukapita na mtaa wote, ukainua kadi yenye madoa ya sabuni, ukaigeuza. Ambokile hakupeleka kidole.

"Mkubwa," alisema Sila, ambaye alikuwa amemfikia na mkokoteni mtupu, akisoma maandishi ya kadi herufi moja moja, "na hilo begi nikubebee, au nalo limeshakuwa la maana?"