Makofi kwa Mwalimu Kioko

Wenzangu, leo nimejiaibisha hadi natamani uhamisho. Nipelekwe mbali kabisa.

Mnajua mimi ni mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Nilianza na chaki darasani, nikawa mwalimu mkuu, sasa niko ofisini. Juzi tu nimehamishiwa Mwala. (Njia za huku sijazijua, na kuuliza niliona ni kujishusha.)

Leo nilialikwa na shule moja nikamtuze mwalimu aliyefanya vizuri. (Jina lake nilikuwa nimelisahau. Ndiyo, nisemeni tu.) Gari likapata pancha njiani, nikachelewa. Mara naona uwanja wa shule, hema, viti vyeupe, watu wamejaa. Nikamwambia dereva anishushe, aende akaizibe hiyo pancha.

Nilipokelewa vizuri! Nikaketishwa mbele kabisa, kando ya mama mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani. Mbele yetu kulikuwa na picha kubwa ya mwanamume aliyevaa tai.

"Huyu ndiye tunayemsherehekea?" nikamwuliza.

"Ndiye, Madam. Mwalimu Kioko. Alijitolea sana."

"Atafika saa ngapi?"

"Wako njiani. Wametoka Machakos."

(Hebu niambieni, hapo ningeshuku nini?)

Mwendesha shughuli akashika maikrofoni. "Tuko na Madam wa ofisi ya elimu. Akuje atusalimie tukingojea."

Nikasimama. Nikanyoosha koti.

"Bwana asifiwe! Leo niko na furaha kubwa sana!"

Kimya. Nikadhani ni jua limewachosha. Nikapandisha sauti.

"Mwalimu Kioko ametuonyesha njia! Walimu mlio hapa, kwa nini yeye peke yake? Mwaka ujao nataka kuona wengine wakimfuata! Mpigieni makofi ya kilo!"

Mzee mmoja akapiga kidogo. Akatazama majirani zake. Akaacha.

Hapo gari refu lenye maua likaingia langoni. Nami, kwa sauti yangu yote:

"Na huyooo! Mshindi wetu amefika!"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Wakatoa jeneza.

Aiyaa! Nilitaka kuomba msamaha, kinywa kikasema, "Asanteni kwa kunisikiliza."

Nikarudi kitini. Kumbe yule mama ndiye mjane! Nikamshika mkono, machozi yakinitoka.

"Mama, nisamehe. Nilidhani..."

"Nimejua ulidhani nini, Madam." Hakuuachilia mkono wangu. "Miaka yote aliyofundisha, hakuna mtu wa ofisi yenu aliyewahi kuja kumpigia makofi. Sasa keti, tumzike."

Nikaketi. Sijawahi kujiona mdogo hivyo. Kisha nikawafuata hadi kaburini kwake nyumbani, nikakaa hadi mchanga wa mwisho, kichwa chini, huku watoto wakinong'onezana kunihusu.

Natoka hapo, simu inalia. Ni mwalimu mkuu wa ile shule iliyonialika.

"Madam, bado tunakungoja! Uko wapi?"

"Niko mazishini."

"Woi, pole sana! Nani amekufa?"

"Ni mimi."